Kitenge cha Esta Mlangoni

Risala ya Bibi wa Kitenge, Mafinga, kwa Mganga Mkuu wa Wilaya

Mgeni rasmi, kamwene, kama tunavyosalimiana huku kwetu, na karibu sana. Tangu alfajiri tumekuwa tukichungulia barabarani kama watoto wanaongoja mama arudi sokoni. Bibi Marta amevaa viatu vya kanisani vinavyombana, na amesema risala ikirefuka atavivua mbele yako. Kwa hiyo tutafupisha.

TULIKOTOKA

Kikundi chetu hakikuanzia kikaoni. Kilianzia kwa jirani yetu Esta, huyu aliyekuvika shada la maua. Kwa miaka mingi, siku zake zikifika, aliumwa tumbo na kiuno hadi kutambaa sakafuni. Wengine walimwita mvivu. Wengine walimwambia akizaa atapona. Akamzaa Goodness, maumivu yakabaki palepale. Hospitali ya rufaa Mbeya ndiko walikoupa ugonjwa wake jina: endometriosisi, yaani nyama inayofanana na ya ndani ya mji wa mimba kuota nje yake. Siku hiyo Esta alilia kwa furaha, kwa kuwa kumbe si uvivu.

Tukakubaliana naye kwamba maumivu yakija atundike kitenge mlangoni. Bibi yeyote atakayekiona amchukue Goodness, amlishe, wala asiulize swali.

TULIYOYAPATA

Leo hata akina mama wa mtaa wa pili wanatundika. Fundi Jailos akikiona kitenge huzima mashine yake ya randa, mbao za watu zikasubiri, ili mgonjwa alale. Arvind wa duka la vifaa vya ujenzi alitupa rangi ya chumba hiki, na mkewe Kumud hutuletea chupa za mpira za maji ya moto. Esta naye alifanyiwa upasuaji, amepata nafuu kubwa. Kuku utakayemla leo amempika yeye, huku akiimba. Mgeni rasmi, sisi tuliomsikia tuliacha kumenya vitunguu, tukasimama tu.

YANAYOTUKWAZA

Mwaka jana, kabla ya upasuaji, kitenge kilionekana mlangoni. Bibi Marta akaenda, akamkuta Esta anaosha vyombo, hana habari nacho. Aliyekitundika ni Goodness, mtoto wa miaka minane.

"Leo tumbo halimuumi, bibi," alisema. "Ila mama analia tu, na mimi sijui kumnyamazisha."

Kumbe tulikuwa tumelihudumia tumbo peke yake. Hatukujua kwamba Esta alikuwa akijiita mama asiyefaa, hata siku asizoumwa. Wala hatukuona kwamba mtoto amezoea kutembea kwa ncha za vidole, na kucheka ameziba mdomo ili asimchoshe mama yake.

Jioni ile Goodness akatuuliza, "Na mimi nikikua, nitakuwa hivi?"

Sote tumezaa, tumelea na wajukuu. Tulimpa uji.

TUNACHOOMBA

Chumba hiki cha kando ya zahanati tumekijenga kwa nguvu zetu. Kina viti viwili vikubwa na kimoja kidogo, ambacho Jailos alikipiga randa mpaka kikawa laini kama shavu. Mtu wa kukaa humo ndiye hatuna. Tunaomba mtaalamu wa afya ya akili, hata siku moja kwa wiki, azungumze na akina mama, na watoto wao pia. Asipokuja, chumba kitageuka stoo ya ndoo. Uji tutaendelea kupika, lakini swali la Goodness linatushinda.

Mgeni rasmi, utepe hatukununua, na mkasi hatukuandaa. Mlangoni tumefunga kitenge cha Esta. Tunaomba usikikate, maana bado tunakihitaji. Kifungue. Fundo amelifunga Goodness, naye atakuonyesha linavyofunguka. Mkishaingia, yeye atakaa kwenye kile kiti kidogo. Swali lake bado analo.

Mungu akubariki kwa kuja, awape wa nyumbani kwako afya na kicheko kisichozibwa.

Ni sisi,
Bibi wa Kitenge, Mafinga
Imesomwa na Bibi Anjela kwa niaba ya wenzake