Nyimbo Kumi na Moja za Pontien kwa Kiitaliano

Alasiri ya tarehe 3 Machi 1999 nilikuwa ninaanua muhogo uani kwangu Kalundu, kwa sababu mvua ilikuwa inashuka kutoka milimani, ndipo jirani yangu Sidonie alipofika mbio kutoka bandarini na kuniambia, "Mama Pontien, acha muhogo, mtoto wako wamemuleta mu mtumbwi, hawezi kusimama." Niliingiza muhogo kwanza, maana ndio tungekula, kisha nikaenda.

Ndugu zangu, wakwe zetu na majirani, historia hii ya maisha ya Pontien ilipaswa kusomwa kaburini leo asubuhi na shemeji yangu Félicien, mdogo wa marehemu mume wangu, lakini Félicien alisema hatasoma mbele ya Hyacinthe, kaka wa mke wa Pontien, wala hatakula naye, kwa kuwa Hyacinthe ni Mfuliiru na sisi ni Barundi wa bonde la Ruzizi, basi nimeiandika mwenyewe, na ninaisoma hapa nyumbani kabla hatujagusa chakula.

Pontien Itangishaka alizaliwa Nyakabere tarehe 9 Juni 1971, mtoto wa kwanza wa Gaspard Manirakiza na mimi, Libérate Niyonkuru. Alisoma shule ya msingi hukohuko toka mwaka 1977 hadi 1983, akaja sekondari Uvira, akapata diplome mwaka 1990, mara ya pili, mara ya kwanza alianguka kwa sababu ya gitaa. Mwaka 1991 alianza kazi katika gereji ya misheni, chini ya padre mmoja mzee Mwitalia, Padre Gino, ambaye alimfundisha kufungua injini, na alimsemesha Kiitaliano tangu asubuhi mpaka jioni, kwa kuwa hakuwa na subira ya kutafuta maneno ya Kiswahili.

Tarehe 12 Mei 1992 aliunda bendi iliyoitwa Viboko wa Kalundu, pamoja na Hyacinthe aliyepiga ngoma za mapipa ya mafuta, Mathieu wa Makobola aliyepiga gitaa la besi akiwapa watu mgongo, na Fanny, dada ya Hyacinthe, aliyeimba. Walipiga roki, ambayo hapa kwetu hakuna aliyeiomba, watu walitaka rumba, na walivaa makoti mazito ya mitumba katika joto hili mpaka mmoja akazimia. Nilimwambia Pontien kwamba hiyo ni kelele tu, akanijibu, "Mama, kelele nayo iko kazi."

Alimuoa Fanny tarehe 20 Agosti 1994, wakajaliwa watoto wawili, Bertrand mwaka 1995 na Kankindi mwaka 1997.

Padre aliondoka na vita vya 1996, akamwachia Pontien redio yake ya kunasia kaseti. Mwezi wa Agosti 1998 vita vilirudi, na mwezi wa Oktoba watu wenye bunduki waliingia katika baa walimokuwa wanapiga, wakasema wimbo wa Kirundi ni wa adui, wiki iliyofuata wakaja wengine, wakasema wimbo wa Kifuliiru ni wa adui, na hata Kiswahili walikisikiliza kwa matamshi, wajue mtu ni wa kabila gani. Jamaa za pande zote mbili tuliwataka waachane, kila mmoja aimbe na watu wake, na mimi ndiye niliyemwambia Pontien. Alisema, "Minye siwezi kumuacha Hyacinthe juu ya lugha. Tutaimba ya Padre. Kiitaliano hakina watu huku, nani atakichukia?"

Toka Novemba hadi Januari walirekodi upya nyimbo zao zote kumi na moja kwa Kiitaliano, ndani ya depo tupu la samaki, magodoro yangu mawili yakiwa yamesimamishwa ukutani kuzuia mwangwi. Kiitaliano cha Pontien kilikuwa cha gereji, maneno ya mapenzi Padre hakumfundisha, hivyo wimbo aliomtungia Fanny sasa ulisema kwamba mafuta yanavuja, leta ufunguo wa nati namba kumi na tatu. Fanny alimuuliza, "Weye, ulitoa mahari ya mwanamke ama ya gari?" kisha akaimba hivyohivyo.

Mwezi wa Februari Mathieu alikimbilia kwao Makobola, na tarehe 1 Machi Pontien alimfuata kumrudisha, akiwa na kaseti ili amwonyeshe kwamba kazi imekamilika. Wakati wa kurudi walisimamishwa kwenye bariyeri, sitasema ni ya nani, kwa kuwa kila mmoja hapa angependa iwe ya wengine. Waliweka kaseti katika redio yao, wakauliza ni lugha gani, na nani hapa anaisikia, akawa hakuna. Wakamwambia aeleze maneno, naye akaeleza kweli tupu, mafuta, ufunguo, tairi, wakaona anawacheka ama anaficha mambo ya silaha, wakampiga tumboni kwa vitako vya bunduki. Wavuvi wa Makobola walimpakia mtumbwini pamoja na Mathieu, maana barabara ilikuwa imefungwa.

Alilala hospitali siku kumi na tano. Damu ilikosekana, Hyacinthe akatoa yake mara mbili. Pontien alifariki tarehe 18 Machi 1999, saa tisa alasiri, akiwa na miaka ishirini na saba.

Tunawashukuru daktari na wauguzi waliofanya kazi bila dawa, wavuvi wa Makobola, Sidonie na majirani waliochota maji, na Mathieu, Fanny na Hyacinthe, wenzake wa kazi. Félicien, sasa ninaonja chakula hiki mbele ya wote kama desturi yetu inavyotaka, hakuna sumu ya mtu yeyote ndani yake. Pontien mwanangu, lala sasa, usisumbuke tena.

Kwa ndugu wa Nyakabere walioshindwa kupita, ninaongeza mistari hii katika nakala yenu. Nilipomaliza kusoma, Félicien alibaki mlangoni mpaka wengine wote wakapakuliwa, kisha akaniuliza, "Mama Pontien, sahani yangu iko wapi?" Nikamwambia imebaki moja tu, ile Hyacinthe aliyoanza. Alinawa mikono, akaketi, Hyacinthe akamsogezea upande wenye samaki. Tulikula bugali, sombe ya majani ya muhogo na ndagala, samaki wetu wadogo wa ziwani, tulikuwa watu ishirini na sita, nilihesabu mara mbili, wote waliofika msibani walikuwepo.