Wimbo wa Bariyeri

Katika vita vya Ituri, wakati wakubwa wakipiga picha za amani hotelini, lori moja lilitoka Bunia kuelekea Mahagi. Ramazani, mchimba dhahabu, alikaa juu ya magunia akisikiliza watu wawili wakigombana.

“Teremusha mama yako,” Claude, muuza samaki, alimwambia Honorine, aliyemkumbatia mama yake mzee. “Kichwa yake imesahau Swahili. Kwa bariyeri ya wenye bunduki atasema luga ya kwenu, watajua kabila yake, na siye wote tutakufa.”

“Kusema anasahau, papa. Kuimba hapana,” Honorine alijibu, sauti ikikwaruza. “Nikianzisha wimbo wa kanisa wa Swahili, anaimba mupaka mwisho. Bariyeri zote tumepita vile.”

“Na sauti yako ile inakwisha?”

Honorine akamfunga mama yake kitambaa kichwani. Tangu asubuhi alimlisha mama, alimfuta, alimwimbia, wala hakuna aliyempokea mzigo hata kidogo. Ramazani aliwaza kwamba makamanda wote wa mji ule wasingeiweza kazi ya Honorine hata siku moja.

“Dada, pumuzisha koo,” akasema. “Nitaimba miye.”

Claude akacheka. “Weye muislamu?”

“Bunduki itauliza ile?”

Mbele, wenye bunduki walikuwa wamefunga barabara kwa gogo; lori likapunguza mwendo. Ramazani akaanza kwa sauti ya machimboni, akavuruga ubeti wa kwanza. Mama mzee akamgeukia kwa hasira, akaimba maneno sawasawa, kwa nguvu, kama anayefundisha mtoto mtundu.

Lori likasimama. Claude alikuwa bado anatikisa kichwa kubisha, lakini midomo yake ilishaanza kuufuata wimbo.