Damu Iliyokwenda Bruxelles

ROSALIE: Haloo? Haloo! Ni Uvira? Ni kwa mapadri?

ADALBERT: Ndiyo, ni jikoni ya mapadri. Ni nani?

ROSALIE: Ni mie Rosalie, tonton. Mutoto wa yaya yako, mukubwa wako Philémon. Niko Bukavu, mu bureau ya dokta.

ADALBERT: Aa, mwana wangu! Jambo! Habari ya kwenu Nguba? Maman yako Eulalie iko?

ROSALIE: Iko. Tonton, batu ba PTT, bale ba simu, balinipa dakika tano tu. Jibu ya damu ya papa ilifika. Ile ilienda Bruxelles.

ADALBERT: Ile ya... mwezi ya tatu?

ROSALIE: Njo ile. Si muzuri. Ni prostate, ile tezi ya banaume. Pole, niko nasemea mukubwa wangu mambo ya... ya chini—

ADALBERT: Sema tu.

ROSALIE: Kwa mwanaume muzima hesabu mu damu haipite quatre, ine. Ya papa ni quarante-sept, makumi ine na saba. Dokta anasema ikipanda vile, mara mingi ni cancer, hata kama mutu hasikie kitu.

ADALBERT: Hata kama hasikie kitu?

ROSALIE: Hata kidogo. Na papa, we unajua, anakojoa damu! Dokta anarudia kwao Bulaya kesho kutwa. Kesho asubuyi anapasua mutu wa mwisho. Kulibakia kitanda moja, na papa anakatala!

ADALBERT: Anakatala aje?

ROSALIE: Tangu nilimusomea karatasi, analia. Papa yangu, mbele ya batu! Anasema neno moja tu: "Muulize Adalbert kama iko muzima." Mara kumi! Ni we tu anasikilizaka. Musemeshe, tonton, nakupigia magoti—

(waya inakwaruza)

ADALBERT: Rosalie.

ROSALIE: Sikusikie! Sema kwa nguvu!

ADALBERT: Siwezi kwa nguvu, padri anakula hapa pembeni. Ile damu haikutoka mu mukono ya papa yako.

ROSALIE: Unasema—?

ADALBERT: Aliogopa. Alisema, "Bakitafuta prostate, batatafuta na SIDA, ukimwi. Nilikaa Kinshasa miaka mbili, mudogo wangu, na sikukaa peke yangu. Eulalie akisikia, sura nitaficha wapi?" Nikamuambia, yaya, mukono ni mukono. Nikaingia kwa dokta, nikatoa damu yangu, nikasema mimi ndiye Philémon. Tulicheka mpaka ku barabara.

ROSALIE: Mulicheka.

ADALBERT: Niko muzima, Rosalie! Niko nakojoa kama kijana! Nilisema jibu itakuwa ya muzuri, maman yako atapata usingizi...

ROSALIE: Mungu wangu. Quarante-sept ni yako. Na ya papa, hakuna mwenye kuijua.

ADALBERT: Bapasue yeye. Ni yeye iko naumia.

ROSALIE: Dokta hawezi kupasua bila kujua! Damu ya papa ikienda leo, jibu ni kisha miezi mbili, na dokta hatakuwa— Wazee walisema, mwenye kuficha ugonjwa, kilio itamuumbua. Na ninyi mulificha bawili!

OPÉRATRICE (wa simu): Citoyenne, kunabakia dakika moja.

ADALBERT: Sikia, mwana. Mie sina muke, sina mutoto. We uko na papa moja—

ROSALIE: Usiniambie ile! (analia) Usiniambie ile, tonton.

ADALBERT: Aache jina ya Philémon ku kitanda. Muambie dokta—

ROSALIE: (mbali na simu) Dokta... futa ile jina. Andika Adalbert. Ndiyo. Adalbert.

ADALBERT: Rosalie! Hapana! Siwezi kulalia kitanda ya yaya yangu—

ROSALIE: Kuko camion ya mizigo yenye inatoka Uvira saa nane. Panda leo. Kesho asubuyi usikule kitu.

ADALBERT: Na papa yako? Nitamuangalia na macho gani?

ROSALIE: Papa alijua tangu nilisoma karatasi. Njo sababu alikatala kitanda. Panda, ton—

OPÉRATRICE: Imekwisha, citoyenne.