Kikaratasi Chini ya Saa Kubwa

Ndani ya basi, mbele yangu walikaa fundi viatu na mama anayeuza maua chini ya saa kubwa, kwenye uwanja ambao manispaa inataka kuujenga upya.

"Kikaoni kwa manispaa walitugawia vikaratasi vyekundu," fundi alisema. "Kila mtu abandike kwenye ramani pale anapofanyia kazi, asije akasahaulika."

"Ndiyo maana sikuja. Wakishajua ulipo, wanajua pa kukung'oa."

"Dada, wametushirikisha! Hata chai tumekunywa."

Hata kuku hutupiwa mtama kabla ya kukamatwa, nikawaza.

"Mimi angalau hawanijui," mama alinong'ona.

Fundi akamgeukia. "Nilikubandikia na wewe. Nilidhani umechelewa."

Basi likasimama uwanjani. Chini ya saa, mtu mwenye ramani alikuwa akipaka alama nyekundu sakafuni, pale mama anapouzia maua. Mlango ulifunguka, mama hakuinuka.