Okidi ya Soli Ina Nini?

Benchi la fundi viatu liko upande wa kivuli, kati ya mlango wa karakana yake na ukuta wa duka la rangi. Fundi mwenyewe wanamwita Soli. Asubuhi ile hakushika sindano wala gundi. Alikuwa amepakata chungu cha ua la okidi kama mtu aliyebeba mtoto mwenye homa, na wenzake wawili, Breki na Gazeti, wameinamia majani, vikombe vya kahawa mkononi. Majani yalikuwa na michirizi ya njano iliyopauka, na kwa chini, madoa meusi yaliyobonyea.

Maua hayo yalikuwa ya marehemu mkewe. Vyungu kumi na vinne, vimepangwa uani, na kwa miaka miwili tangu mama huyo aondoke Soli hakuwa amepoteza hata kimoja. Sasa ilikuwa siku ya tatu hapati usingizi.

Breki, aliyestaafu udereva wa malori, alisema ni jua tu.

— Jani ni kama tairi. Likipigwa jua sana, linapasuka.

Soli akamwambia uani hakufiki jua kali. Basi Breki akahamishia lawama kwenye mnara wa simu uliojengwa nyuma ya duka. Gazeti, ambaye hajawahi kununua gazeti ila husoma yote ya wenzake, alikataa katakata. Yeye aliona husuda: mtu kapita, kasifia maua, kaondoka.

— Kikulacho ki nguoni mwako, akasema. Fua nguo zote za nyumba hii.

— Nguo zinahusu nini? Hili ua limefiwa, Breki akasema. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na mama yake ndiye hayupo. Limengoja miaka miwili, limechoka.

Soli akainamisha kichwa. Breki aliona neno limemtoka vibaya, akanywa kahawa bila kuitaka.

Hapo akafika binti mmoja kuchukua buti zake, akiwa njiani kwenda kazini kwenye kitalu cha maua. Aliomba ruhusa, akageuza jani taratibu. Akasema kwa macho tu huwezi kujua. Hata baridi au maji mengi huacha alama kama zile. Akatoa mkobani kikaratasi chembamba.

Gazeti akauliza kama si kile cha kupimia mimba.

— Vinafanana, mzee. Mstari mmoja, mmea ni mzima. Miwili, una virusi.

Akaponda kipande cha jani kwenye maji kidogo, akachovya. Dakika kumi hakuna aliyenywa. Mstari wa pili ulianza kama kivuli, kisha ukakolea.

Soli akauliza dawa. Binti akasema haipo. Mmea wenyewe ni wa kuteketeza, na ugonjwa hupita kwa utomvu.

— Kisu ulichokatia huu, ulikatia na mingine?

Ijumaa alikuwa amepunguza mizizi mikavu ya vyungu vyote kumi na vinne, akianza na huu, kwa kisu chake cha ngozi, bila kukifuta. Alipomaliza alikata chipukizi kwa kisu hicho hicho, akampa shemeji yake, mdogo wa marehemu, naye akalipokea huku analia.

Akapiga simu pale pale.

— Shemeji, lile chipukizi la Ijumaa, umelifanyia nini?

— Nimelipunguza mizizi, nikalipanda juzi, shemeji. Kwa kisu hicho hicho nikapunguza na zile okidi za mama zote, nikaziweka pamoja na hilo la dada.

Za mama mkwe zilikuwa vyungu zaidi ya thelathini, vya tangu dada hao ni wasichana.

— Usikate tena kitu, Soli akasema. Nakuja.

Alisimama, akavua aproni. Binti akapekua mkoba na kumwekea kiganjani vikaratasi vilivyobaki. Vilikuwa vitatu.

— Utaanza na chungu kipi, mzee?

Soli akamtazama Breki. Breki akamtazama Gazeti. Wote wawili, waliokuwa na jibu la kila kitu tangu asubuhi, wakaanza kuhesabu vyungu kwa vidole.