Gishe ya Massoudi Shakuru, Bandarini Bujumbura

Safari za meli za abiria kutoka Bujumbura hadi Kigoma, mahali treni ya Dar es Salaam inapoanzia, zitarudi Jumamosi tarehe 8 Januari 2005. Mkurugenzi wetu, Bwana Aloys Ndikuriyo, aliwatangazia wafanyakazi wote habari hiyo wiki iliyopita katika ukumbi wa abiria. Siku nane kabla ya meli hiyo kuondoka, tarehe 31 Desemba 2004, mtu aliyeidai kwa miaka minane atastaafu. Ni Massoudi Shakuru, karani wa tiketi, aliyeitumikia kampuni yetu kwa miaka thelathini na mitatu.

Massoudi alizaliwa mtaa wa Buyenzi, hapa Bujumbura, mtoto wa fundi baiskeli. Aliingia bandarini mwaka 1971 kama mpokeaji wa mizigo, na baada ya miaka mitatu akapewa gishe, yaani dirisha la tiketi. Wanaomkumbuka wakati huo wanakumbuka pia ukumbi wenyewe ulivyokuwa: mabenchi ya mbao yamejaa, mikeka imetandikwa sakafuni, chupa za chai, vikapu vya ndagala, yaani dagaa, wakavu, akina mama waliovaa kanga mpya wakienda harusini Ujiji. Wanafunzi walishuka kutoka chuoni Mutanga na masanduku ya bati. Tiketi ilikuwa moja tu, ya meli na ya treni pamoja. Mtu aliinunua kwa Massoudi, akafika hadi Dar es Salaam bila kupanga foleni tena.

Ukutani palikuwa na saa mbili, moja ya Bujumbura na moja ya Kigoma, ambako wako mbele yetu kwa saa nzima. Massoudi alimwambia kila abiria jambo lile lile kabla ya kumpa tiketi: "Huku unaishi kwa hii, treni inakungoja kwa ile."

Vita vilipoanza mwaka 1993, meli iliendelea kwa kusuasua. Amri ya kutotoka nje ilibadilisha ratiba mara kwa mara, na wafanyakazi wengine walishindwa kuvuka kutoka mitaa yao. Mwezi wa saba 1996 nchi jirani ziliweka vikwazo, na safari za abiria zikasimama. Makarani wenzake wengi walihamishiwa ofisi nyingine. Massoudi aliomba kubaki.

Kuanzia hapo, kila siku ya treni, alifungua gishe asubuhi, akafuta vumbi kwenye mabenchi, akampigia simu mkuu wa stesheni ya Kigoma kuuliza treni inaondoka saa ngapi. Kisha aliandika jibu kwa chaki kwenye ubao wa nje. Meli haikuwapo, lakini saa ya treni ilikuwapo. Wapagazi walimcheka waziwazi. "We Massoudi, unauza tiketi ya wapi? Ya mbinguni?" Alijibu bila kuinua kichwa: "Ya mbinguni haina kurudi. Yangu iko na kurudi."

Léocadie Nizigama, aliyekaa naye gishe ya jirani tangu 1990, anasema alimuuliza siku moja kwa nini anajisumbua. Massoudi alimwambia: "Siye tukifunga, kesho batasema ni siye benyewe tuliikataa meli."

Alikuwa na mbinu moja aliyoitumia kwa utulivu mkubwa. Hakumwambia mtu yeyote kwamba hakuna safari. Kila aliyekuja kuulizia tiketi, awe mfanyabiashara wa Kinanira au mvuvi wa Kajaga, alioneshwa ngazi. "Mi sina ruhusa ya kukuambia apana. Panda juu kwa mukubwa, umuulize yeye." Watu walipanda. Bwana Aloys anakiri kwamba kuna wiki alizowafahamu wasafiri wa Kigoma zaidi kuliko wafanyakazi wake, na kwamba mara mbili alihamisha ofisi yake. Mara zote mbili Massoudi aliwaelekeza watu mlango mpya.

Mwaka 1997 dada yake mkubwa, Mwanne, aliyemlea, alifariki Ujiji. Mkuu wa stesheni alimpa habari hiyo kwa simu, baada ya kumsomea saa ya treni. Massoudi aliiandika saa hiyo ubaoni, akamkabidhi Léocadie ufunguo, akaenda Buyenzi kukaa matanga. Hakufika mazikoni. Vikwazo vilipoondolewa mwaka 1999 na meli za mizigo zikarudi, manahodha walimwita zaidi ya mara moja apande kimyakimya juu ya magunia, akalione kaburi. Alikataa. "Mutu wa gishe akipita mulango wa mizigo, bale nilibapandisha ngazi nitabaambia nini?"

Mizigo iliporudi, ulizuka mpango wa kuugeuza ukumbi wa abiria kuwa ghala la simenti. Massoudi hakugombana na mtu. Alichora mstari wa chaki katikati ya sakafu, akavuta mabenchi yote upande mmoja, akawakaribisha wapagazi wajaze upande wa pili. Mstari ulifutika kila wiki kwa nyayo, na kila wiki aliuchora upya. Simenti haikuuvuka.

Wasifu huu usingekuwa wa kweli bila habari ya saa ya Kigoma. Katika mfungo wa Januari 1998, saa ya Bujumbura ilikuwa imepandishwa ofisini kwa mkurugenzi. Jioni moja mvua kubwa ilitia giza jiji zima na adhana haikusikika. Bwana Nasor, muuza vitambaa wa Kiarabu ambaye babu yake aliuza vitambaa hapa hapa, alikuwa ukumbini akiulizia marobota yake. Akaitazama saa iliyobaki, akapiga bismillahi, akala tende na sambusa mbili. Mvua ilipokatika, jua lilikuwa bado juu ya milima ya Kongo. "Massoudi, umenilisha mchana!" Massoudi aliomba radhi, akapanda kwenye benchi na kuirudisha saa ile nyuma, ifuate wakati wa Bujumbura, ili isimponze Mwislamu mwingine. Kibao cha "Kigoma" kilibaki juu yake.

Mwaka 2002 mkurugenzi alikubali safari moja ya majaribio, na Massoudi ndiye aliyepanga ratiba. Treni ilikuwa iondoke saa kumi jioni. Alitazama ukutani, kwenye saa ile yenye kibao cha Kigoma, kama alivyozoea miaka yote, akahesabu, akapanga meli ifike saa tisa. Ilifika saa tisa ya Bujumbura, yaani saa kumi ya Kigoma. Abiria walipokuwa wanashusha mizigo, treni ilikuwa inaondoka mbele ya macho yao. Nasor, aliyekuwa miongoni mwao, alipiga simu gishe kabla hata hajatafuta pa kulala: "Kwanza ulinifuturisha mapema, sasa umenichelewesha! We saa yako ni ya nchi gani?"

Wote walicheka baadaye, lakini siku zile kosa hilo lilikuwa na gharama. Waliopinga safari hizo walipata hoja, na suala zima likawekwa kando kwa miaka miwili. Massoudi hakumsingizia mtu. Alipanda ngazi zile zile alizowapandisha wengine, akamweleza mkurugenzi kwamba kosa ni lake, akashuka, akarekebisha saa, akaandika ubaoni treni ya siku hiyo.

Mwaka huu hali ya usalama ilipoimarika upande wa kusini, jaribio la pili lilifanyika mwezi wa tisa. Abiria walifika Kigoma, wakanywa chai, wakapanda treni. Nasor alikuwapo tena, akiwa na saa mbili mkononi.

Kampuni ilimwomba Massoudi aahirishe kustaafu kwa siku nane ili asafiri na meli ya kwanza kama mfanyakazi. Alishukuru na kukataa. "Mufanyakazi anarudi na meli siku ile ile. Abiria anashuka."

Mzee Massoudi, kwa niaba ya wenzako wote wa bandarini, na hata wapagazi waliokucheka, tunasema asante. Uwe na afya, upate usingizi mrefu asubuhi, na nyumba yako Buyenzi isikose wageni.

Gishe inafunguliwa Jumatatu tarehe 3 Januari, saa mbili asubuhi, na Léocadie ndiye atakayeuza. Massoudi Shakuru amesema atakuwa wa kwanza kwenye foleni. Meli itang'oa nanga Jumamosi tarehe 8, saa kumi na moja alfajiri. Watoto wa Mwanne watampokea gatini Kigoma na kumpeleka Ujiji.