Mikdad Hakuzama

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Masheikh, wazee wetu, majirani na wanachama wa Klabu ya Pweza, mimi ni Qais Hamoudi, muuza vifaa vya ujenzi wa Bagamoyo mjini, kaka wa mjane, na familia imenituma nisome maisha ya shemeji yangu kabla hatujamtoa nje kwenda kuswaliwa. Jana alasiri wazee watatu wa hapa Mlingotini walinijia kwa adabu, wakanisihi niandike kwamba marehemu alizama, kwa kuwa kijiji ni kimoja na kesho tutazikana, wakaongeza kwamba aliyekufa maji ana daraja ya shahidi, basi tusimnyime. Nimewasikia. Dada yangu Shaikha naye amewasikia, na jibu lake ni kwamba neno hilo halitasomwa nyumbani kwake.

Mikdad Bwanausi Kibwana alizaliwa hapa Mlingotini tarehe 14 Mei 1971, mtoto wa tatu wa mzee Bwanausi Kibwana na Bi. Fatu, ambao wote wamekwishatangulia mbele ya haki. Alisoma shule ya msingi ya hapa kijijini kuanzia mwaka 1979 hadi 1985, na kwenye chuo cha Kurani alichapwa kuliko wenzake wote, maana alikuwa akitoroka kwenda kupiga mbizi kutafuta majongoo ya bahari, akirudi na chumvi masikioni anaapa kwamba hakuigusa bahari.

Mwaka aliomaliza darasa la saba ndio mwaka baruti ya kuvulia samaki ilipoingia nyumbani kwao. Kaka yake Khamis alikata utambi mfupi, chupa ikamlipukia kabla hajaitupa, na Mikdad, aliyekuwa kwenye ngalawa hiyo hiyo, akamfunga kaka yake kwa shati lake mwenyewe, akapiga kasia peke yake hadi pwani, mikono yote miwili ya Khamis ikiwa imebaki baharini. Khamis aliishi miaka tisa baada ya hapo, akilishwa na mama yake tonge kwa tonge. Anayetaka kujua chuki ya marehemu kwa baruti ilitoka wapi, haikutoka kwenye semina.

Mwaka 1994, akiwa kibarua wa hoteli moja ya ufukweni, alifundishwa kuzamia kwa mtungi wa hewa, na tarehe 6 Septemba 1998 yeye na wenzake watano wakaanzisha Klabu ya Pweza. Walipokwenda kuiandikisha, karani alisoma neno wazamiaji, akawauliza wanazamia meli ya kwenda Ugiriki au Afrika Kusini, na sisi wa mjini tukaendelea na utani huo kwa miaka, kwamba hawa ndio wazamiaji pekee Tanzania nzima wanaorudi nyumbani mchana kula ubwabwa. Kazi yenyewe haikuwa ya utani. Boti ilipopinduka aliitwa Mikdad, kijana alipopotea akiogelea aliitwa Mikdad, na maiti aliowapandisha, kutoka Mapinga hadi Saadani, wengine walikuwa wameliwa nyuso na kaa, naye alikuwa akiwafunika kwa kikoi chake kabla mama zao hawajawaona.

Alimuoa Shaikha Hamoudi tarehe 12 Desemba 1999, Bagamoyo mjini. Baba yetu aliikataa posa mara mbili, akisema hamuozi binti kwa mtu ambaye kazi yake ni kushuka chini ya maji na kungoja Mungu ampandishe, na mara ya tatu akaridhia kwa sababu Shaikha aligoma kula, na dada yangu akigoma huwa hatanii. Walijaliwa watoto wawili, Jasmin, aliyezaliwa mwaka 2001 na sasa ni muuguzi, na Osama, aliyezaliwa mwaka 2006, anayesomea ufundi wa mashine za boti.

Mwezi Machi 2009, baada ya klabu kuwapeleka polisi wavuvi wa baruti, watu walimvizia pwani wakampiga kwa makasia mpaka taya likavunjika, na tangu siku hiyo alitafuna kwa upande mmoja. Mwaka 2014 nyumba yake ya kwanza ilichomwa moto, mitungi ikapasuka ndani, ukuta wa jikoni ukaruka hadi njiani, na Shaikha akatoka na watoto huku mtandio ukiwaka kichwani. Hakufungwa mtu. Nilimpa kiwanja changu cha Zinga ahamie, akanishukuru, akaniambia mwamba anaoulinda hauhamishiki, nami nilikasirika naye mwezi mzima.

Hapa ndipo husomwa maradhi. Marehemu hakuwa na maradhi yoyote. Jana, Jumamosi tarehe 24 Januari 2026, asubuhi, alishuka na mwanachama mwenzake Ramadhan kwenye mwamba wa Shungi, kuukagua kama klabu inavyofanya kila mwezi, na juu yao lilielea boya la rangi ya machungwa lenye bendera, ambalo pwani hii hata mtoto anajua kwamba maana yake chini kuna watu. Kuruthumu, mweka hazina wa klabu, alikuwa kwenye boti. Mashua ya baruti ilipokuja alipiga kelele, akavua mtandio akaupunga, akaonyesha boya, akaonyesha maji, na mmoja wa wale watu akampungia mkono kama anayesalimia, kisha wakatupa.

Marehemu aliitambua mashine ile kwa mlio wake. Alimshika Ramadhan akamsukuma ndani ya pango la mwamba, lenye nafasi ya mtu mmoja, akaziba mlango kwa mgongo wake. Kishindo cha angani hutawanyika, lakini cha majini humfikia mtu kizima kizima, na daktari ametueleza kwamba mapafu yalichanika na matumbo yalipasuka, wakati nje hapakuwa na mchubuko. Waliomwosha wameliona hilo, na ndipo lilipopatikana hilo neno kwamba alizama. Mikdad hakuzama. Aliuawa, mchana kweupe, mbele ya shahidi, na watu ambao majina yao yako polisi na ambao jamaa zao wamekaa hapa kwenye mikeka yetu na kanzu safi. Kama ni hiyo daraja ya shahidi, Mungu anajua kumpa aliyeuawa kwa dhuluma bila sisi kumsaidia kwa uongo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompokea, ingawa alifika ameshakata roho. Tunawashukuru wanachama wa Klabu ya Pweza, tunamshukuru Kuruthumu, aliyemvuta botini kwa mikono yake, na tunamshukuru Ramadhan, aliyeketi pale mbele na haelewi ninachosoma, kwa kuwa masikio yake yote mawili yamepasuka. Nawaomba mtakaompa mkono mmtazame usoni.

Tunawashukuru majirani kwa unga, kuni na mchele, na kwa ndoo mbili za samaki aina ya changu zilizoachwa mlangoni jana jioni bila kutajwa jina. Bi. Mwanamkasi, aliyesimamia jiko, alimpasua wa kwanza, akaacha kisu, akamwita mfiwa. Samaki yule kwa nje alikuwa mzima, anang'aa, na ndani uti wa mgongo umevunjika na damu imevilia mbavu zote. Shaikha alimweka kiganjani, akawageukia wanawake waliokuwa jikoni, wakiwemo wake za wale wazee watatu, akawauliza, "Na huyu naye mtasema alizama?"

Ndoo zote mbili ziko pale kwenye kizingiti, hazikupikwa, mtazipita tukitoka na jeneza, na mwenyewe asione haya kuchukua mali yake.

Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un. Pumzika, Mikdad, kwa amani ambayo sisi wa huku juu tulishindwa kukupa.